Ile "me" ndogo kwenye habari za vita

Wadogo zangu mnaoingia chumba cha habari, mtaanza na habari za kimataifa. Si kwamba mnazijua, ni kwamba wakubwa wanazikimbia, hazina safari wala posho. Mimi niliangukiwa nazo Septemba 2015 hapa Mbeya. Kampeni za uchaguzi zilikuwa zimepamba moto, kila mwenye kinasa sauti yuko mkutanoni. Nikabaki na kompyuta moja na studio iliyobandikwa trei za mayai ukutani.

Tarehe 30 Urusi ikaanza kuipiga Syria kwa ndege. Nikaandika: "Ndege za Urusi zimewashambulia wapiganaji wa Dola la Kiislamu." Ikasomwa saa mbili usiku. Asubuhi akapiga simu mzee wa Uyole, mwanajeshi mstaafu.

"Mwanangu, mabomu yameangukia wapi?"

"Shikamoo mzee. Talbiseh na Rastan, mkoa wa Homs."

"Marahaba. Na hao uliowataja, wako huko?"

Nikafungua ramani kwa mara ya kwanza. Makao yao yalikuwa Raqqa, mbali kule mashariki. Miji ile miwili ilishikwa na waasi wengine waliokuwa wakipigana na serikali ya Bashar al-Assad, rais wa Syria wakati huo. Ash Carter, Waziri wa Ulinzi wa Marekani, alikuwa ameshasema kuwa pengine Dola la Kiislamu halikuwepo sehemu zilizopigwa. Moscow ikashikilia lake. Mimi, kwa herufi mbili tu, ile "me", nilikuwa nimeshaamua kesi. "Zimewashambulia" maana yake nimeona. "Urusi inasema imewashambulia" maana yake nimeambiwa. Na Carter naye ni mtu wa upande, mpeni "anasema" yake vilevile.

Mngedhani nilijifunza. Machi 14, 2016 Putin akatangaza kuondoa sehemu kubwa ya majeshi yake, nami nikatoka na "Urusi imeondoka Syria". Hazikupita wiki mbili, jeshi la Assad likaingia Palmyra, ndege za Urusi zikilisaidia kutoka juu. Desemba mwaka huohuo ikawa zamu ya mji wa Aleppo. Desemba 2017 Putin akasimama kwenye Hmeimim, kambi ya anga ya Warusi hukohuko Syria, na kutangaza kuondoka tena. Safari hiyo niliandika "ametangaza", nikaenda kunywa chai.

Kuhusu maneno: "magaidi" ni neno la serikali ya Damascus na Moscow, wekeni mdomoni mwao. "Wapinzani" nalo lina mtego wake. Niliwahi kuandika kuwa wapinzani wamepigwa mabomu, wiki tatu kabla ya uchaguzi wetu. Dereva wa bodaboda pale Kabwe alinisimamisha, macho yamemtoka, akitaka kujua ni jimbo gani. Tangu hapo natumia "waasi".

Taifa kubwa likiingia kwenye vita vya ndani vya wenzao, ulizeni kwanza limeitwa na nani. Urusi iliombwa na Assad. Marekani na washirika wake walianza kupiga ndani ya Syria Septemba 2014 bila kuombwa na serikali hiyo. Sisemi nani ana haki, ila msikilizaji asinyimwe tofauti hiyo. Halafu ulizeni lina nini pale. Wasovieti walipata kituo cha meli Tartus tangu 1971, kwa hiyo ile hadithi kwamba Warusi waliibuka tu 2015 haisimami.

Idadi ya waliokufa, taja aliyeihesabu. Hilo halihitaji maelezo.

Assad alipokimbilia Moscow Desemba 2024, kijana wetu mmoja aliniletea karatasi ya moto kutoka kwenye printa: "Warusi wameondoka Syria." Nikamuuliza Hmeimim kukoje leo. Akaitazama karatasi, akaigeuza, akarudi kwenye kompyuta.