Aspirini kabla ya kupanda ndege?

SWALI: Daktari, nina miaka 38 na natumia vidonge vya uzazi wa mpango. Mwezi ujao nina safari ya ndege ya saa 11 mfululizo. Soksi za kubana nimeshanunua. Dada yangu anasisitiza nimeze aspirini ili damu iwe nyepesi, isigande miguuni. Yeye mwenyewe hutumia dawa ya asili ya kusafisha mishipa. Nichague ipi?

JIBU: Usichague hata moja. Soksi vaa, mradi zipimwe kwenye mguu wako: zibane zaidi kifundoni, zilegee kadiri zinavyopanda, ziishie chini ya goti.

Sasa hiyo aspirini, maana naulizwa kila mara. Damu si rangi ya ukutani kwamba ukitia kitu inakuwa nyepesi. Aspirini huzuia chembe sahani, yaani vijichembe vya damu vinavyosaidia damu kuganda, zisishikane, na faida yake kubwa iko kwenye ateri, mishipa inayotoa damu moyoni. Ndiyo maana hupewa waliowahi kupata shambulio la moyo. Vena za mguuni, mishipa inayorudisha damu moyoni, zina mambo yake. Humo damu hupandishwa na misuli ya kigimbi. Ukikaa saa nyingi bila kutembea, damu hutuama, na donge linalofanyika hapo hushikiliwa hasa na nyuzi za protini iitwayo fibrini, ambazo aspirini haizigusi. Kwa hiyo miongozo ya tiba haiipendekezi kwa sababu ya safari peke yake. Kuvujisha damu tumboni, hilo inaliweza vizuri.

Vidonge vyako vikiwa na homoni ya estrojeni, vinaongeza hatari ya damu kuganda. Usiviache ghafla, mwulize aliyekuandikia. Omba kiti cha kando ya njia, usimeze dawa ya usingizi, na chezesha vifundo hata ukiwa umekaa.

Mtu mwenye afya njema hana haja ya kuogopa sana. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulikadiria kuwa mtu 1 kati ya 6,000 hugandwa na damu kwenye vena katika safari inayozidi saa 4. Ninaowahofia ni aliyewahi kugandwa na damu, mwenye saratani, aliyetoka kufanyiwa upasuaji, mjamzito na aliyejifungua juzi. Hao huenda wakahitaji sindano ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na badala ya kumwona daktari wanauziwa chupa ya kusafisha mishipa. Wanasafisha nini? Donge si uchafu! Muuzaji hajui hata vena ipi anaizungumzia, na wiki 3 baada ya safari, mguu unapovimba, hayupo.

Naam, wiki kadhaa baadaye. Watu wakishatua hudhani yamekwisha. Miguu yote miwili kujaa kidogo baada ya ndege ni kawaida. Mmoja ukivimba, ukauma kigimbini na kuwa wa moto, nenda hospitali siku hiyohiyo. Pumzi ikikata ghafla au kifua kikichoma, nenda saa hiyohiyo, kwani donge huenda limefika pafuni. Na yeyote asiuchue mguu huo, hata kwa mafuta ya nani.