Tasa, mgumba na hanithi: maana na asili yake

SWALI: Mimi ni muuguzi katika kliniki ya afya ya uzazi. Mwenzangu anashikilia kwamba neno "tasa" ni la Kiarabu, kwamba ndilo lile lile la chombo cha kunawia mikono, na kuwa asiyezaa amefananishwa na chombo kitupu. Je, ni kweli? Na je, tasa, mgumba na hanithi yanatofautianaje tunapojaza kadi ya mgonjwa?

JIBU: Mwenzako amechanganya maneno mawili yanayofanana kwa sauti tu. Tasa la shaba, wanalonawishiwa wageni kabla ya kula, asili yake ni Kiarabu kweli, na Waarabu nao walilipata kwa Waajemi. Lakini Kiarabu hakimwiti asiyezaa kwa neno hilo. Humwita "akim" au "akir", na ndiyo maneno yaliyomo katika Kurani pale mke wa Ibrahimu anapostaajabu kubashiriwa mtoto uzeeni na pale Zakaria anapoomba mrithi. Wafasiri wa Kiswahili walipofika hapo waliandika "tasa", na wa Biblia wakafanya vivyo hivyo kwa Sara. Neno hili humfaa mtu na mnyama pia, na wanahisabati wameliazima kwa namba kama 7 na 13, zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe.

Mgumba ana nasaba iliyo wazi zaidi. Shina lake, -gumba, ni la Kibantu: Waganda husema "omugumba", Wanyarwanda na Warundi husema "ingumba", na kote huko anayetajwa ni mwanamke asiyezaa. Kiswahili kimelipanua hata likamhusu mwanamume. (Kidole gumba nimekiacha kando makusudi, kwa kuwa mfanano wa sauti peke yake si ushahidi, kama tulivyokwisha kuona kwa lile tasa la shaba.)

Hanithi ndilo la Kiarabu. Shina lake huko lilihusu mwanamume mwenye mwenendo wa kike, nasi tukalitumia kwa asiyeweza tendo la ndoa, kisha likageuka tusi. Kitabibu hilo ni jambo jingine kabisa, kwani mwanamume huyo anaweza kuwa na mbegu nzima, na mwenye nguvu zake zote akawa hana mbegu hata moja.

Katika matumizi ya kawaida tasa na mgumba hubadilishana nafasi. Wapo wanaosema utasa ni wa mwanamke na ugumba ni wa mwanamume, lakini mgawanyo huo sioni unasimama juu ya nini, hasa ukizingatia hao Waganda na Wanyarwanda. Kwa kazi yenu ninapendekeza "ugumba" liwe jina la hali inayochunguzwa, ambayo Shirika la Afya Duniani huieleza kuwa ni kukosa ujauzito baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga, na "utasa" libaki kwa hali iliyothibitika kuwa ya kudumu, kwa mfano mwanamke aliyeondolewa kizazi. Kwenye kadi yenyewe, kabla ya vipimo vya wote wawili kukamilika, usiandike "mgumba" mbele ya jina la mke. Andika "hawajapata ujauzito kwa miezi 18", au muda wowote waliokutajia.