Obama aliwahi kushindwa uchaguzi?
Ndiyo ndugu, tena alibwagwa vibaya. Wanaosema alitoka uwakili moja kwa moja hadi ikulu wanaruka mengi, kushindwa huko kukiwemo: alikuwa seneta wa jimbo la Illinois, yaani kwenye bunge la jimbo, si la taifa, kuanzia 1997 hadi 2004. Kiti chenyewe alikipata kwa mbinu. Mwaka 1996 timu yake ilikagua saini za wadhamini kwenye fomu za kugombea za wapinzani wake, moja baada ya nyingine, akiwemo Alice Palmer aliyekuwa na kiti hicho. Wakaenguliwa wote, akabaki peke yake kwenye mchujo wa chama chake cha Democratic. Sheria iliruhusu, lakini siasa za Chicago hizo! Akachaguliwa tena 1998 na 2002. Katikati hapo, 2000, akautaka ubunge wa taifa, akamvaa Bobby Rush aliyekuwa na kiti hicho. Akaambulia kama asilimia 30 tu.