Ufunguo Utakaa kwa Nani?

SWALI: Shikamoo Fundi. Sisi ni wajukuu saba tuliorithi nyumba ya mawe ya babu, Barabara ya India, Bagamoyo. Ina ghorofa moja na ua katikati, mlango wa kuchonga bado upo, ila bati za nyuma zimeingia ndani. Ndugu wawili wanataka tuuze, mmoja anataka hoteli. Mimi na dada yangu tunataka iwe mahali pa watu: maktaba ndogo, ngoma, chai, maonyesho ya picha. Tumeshauriwa tuandike andiko la kuomba wafadhili. Tuanzie wapi? – Mjukuu, Bagamoyo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Andiko liweke pembeni kwanza. Niambie: ufunguo wa mlango huo utakaa kwa nani, na asubuhi ataufungua kwa ajili ya nani?

Nauliza kwa uchungu. Miaka ya tisini nilikuwa katika kundi la mafundi waliotengeneza nyumba kongwe moja ya pwani hii. Tulikaa nayo miezi kumi na minne. Chokaa tuliiloweka wenyewe shimoni, boriti arobaini na mbili tulizibadilisha moja moja. Siku ya ufunguzi wageni wakaja, utepe ukakatwa, dufu likapigwa. Jioni ile mlango ukatiwa kufuli na ufunguo ukapelekwa kwenye ofisi iliyo mji mwingine. Nilipopita tena baada ya masika matatu, mti ulikuwa umeota juu ya ukuta, mizizi imepasua lipu tuliyoipiga kwa mikono yetu. Nilikaa barazani nikalia. Nyumba ya chokaa isiyofunguliwa madirisha haikauki. Unyevu hujificha kwenye ncha za boriti zilizozama ukutani, huko zikaoza na wewe huzioni.

Kwa hiyo kaeni barazani kwenu wiki nzima, wewe na dada yako, kwa zamu, na daftari mkononi. Andikeni ni nani anakaa pale na saa ngapi. Huenda mkamwona muuza kahawa na dele lake baada ya alasiri, wazee wa bao, watoto waliotoka chuoni na juzuu zao, akina mama wanaorudi na ndoo kutoka mnada wa samaki kule karibu na forodha ya zamani, wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapo Bagamoyo, wenye ngoma begani. Waulizeni wanakosa nini mtaani. Mama mmoja akisema anakosa kivuli cha kuuzia vitumbua asubuhi, hapo mmempata mtu wa kufungua mlango saa kumi na mbili, tena atafagia bila kuagizwa.

Watu wengi huanzia kwenye tamasha. Nawaelewa. Ngome Kongwe ya Unguja inavyojaa wakati wa Sauti za Busara, tangu 2004, inafurahisha moyo. Lakini toka hapo ukavuke barabara mpaka Forodhani, usiku wowote usio na jina: urojo, mishikaki, juisi ya miwa, vijana wanaruka baharini kutoka ukutani. Hakuna aliyewaalika. Ningependa nyumba ya babu yenu ijifunze kwa Forodhani kwanza.

Wala msiogope mtu atakayesema jengo la kale halibadilishwi kazi. Ngome Kongwe ya hapo kwenu ilianza kama nyumba ya mfanyabiashara, karibu 1860. Wajerumani wakaifanya ngome ya askari, Waingereza wakaifanya jela. Chai na vitabu ni mzigo mwepesi kwa kuta zilizobeba hayo.

Lakini si kila kitu ni chepesi, na hapa naomba unisikilize vizuri. Pima upana wa vyumba vya juu. Naamini utapata kama meta mbili na nusu, pengine tatu kasoro. Waliojenga hawakupenda vyumba vyembamba. Boriti ya mkoko ndiyo iliyowapangia, maana ikirefushwa zaidi inapinda. Juu ya boriti hizo kumelala mawe na chokaa, uzito ambao sakafu inaubeba usiku na mchana. Ukipandisha hapo watu sitini wanaokanyaga kwa mdundo mmoja, utaua watu. Beit al-Ajaib, jumba la 1883 kule Unguja, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili walifariki. Ngoma iwe uani, juu ya ardhi. Maktaba nayo iwe chini: rafu iliyojaa vitabu ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Ghorofani wakae washonaji, au darasa la watu kumi wenye mikeka, tena baada ya fundi kuzigonga boriti zote na kusikiliza mlio wake.

Kabla ya kugusa jiwe lolote, nenda ofisi ya Mambo ya Kale ukiwa na picha. Sheria ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na Mji Mkongwe wenu ni eneo la hifadhi. Afadhali wakujue mapema.

Ndugu wanaotaka kuuza msiwafanye maadui. Wana ada za watoto. Vyumba vinavyotazama barabara vilijengwa kwa ajili ya duka. Pangisheni viwili, kodi ya mwanzo yote iende kwenye bati za nyuma kabla ya masika, ya baadaye igawanywe kwa makubaliano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi na wote saba. Muda wa ngoma upangeni na imamu wa msikiti wa jirani, mwende wenyewe kwa miguu, msitume barua.

Hoteli sitaisemea mabaya, imeokoa nyumba nyingi. Ila kule baraza hufungwa mnyororo, na mzee wa bao hujikuta barabarani. Hilo linaniuma.

Wiki ikiisha nisomee daftari.

SWALI: Fundi, tuna nyumba ya mawe karibu na bandari, Tanga. Tunataka kufungua mgahawa chini, lakini lipu ya saruji tuliyopiga juzi inabanduka na ukuta unatoa unga mweupe. Tupake rangi ya mafuta? – Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana, tafadhali. Unga huo ni chumvi. Mawe ya matumbawe hunyonya maji kutoka chini, na chokaa huyaacha yatoke taratibu. Saruji imeyazuia, na rangi ya mafuta itayafungia kabisa. Bandueni saruji kwa patasi ndogo, bila nyundo kubwa, suguweni chumvi kwa brashi kavu, acheni ukuta ukauke miezi kadhaa, ndipo mpige lipu ya chokaa na mchanga uliooshwa kwa maji yasiyo na chumvi. Mchanga wa ufukweni usiooshwa utawarudishia chumvi ile ile. Mgahawa unaweza kuanza sasa hivi barazani, kwa meza mbili, ukuta ukiendelea kukauka ndani.