Itikadi au mafuta? Itazame Angola

Ndugu, umesema Marekani wakati wa Vita Baridi ilisukumwa na itikadi tu, kuzuia ukomunisti. Itazame Angola. Serikali ya chama cha MPLA ilifuata Umarx na kulindwa na maelfu ya askari wa Cuba. Januari 1986 Rais Reagan alimkaribisha Jonas Savimbi, kiongozi wa waasi wa UNITA waliopigana na serikali hiyo, Ikulu ya Washington, na mwaka huohuo UNITA wakapelekewa makombora ya Stinger ya kutungulia ndege. Savimbi huyo alikuwa amefunzwa vita China ya kikomunisti, enzi za Mao!

Sasa nenda Cabinda, jimbo la Angola lenye mafuta. Gulf Oil, na baadaye Chevron, kampuni za Kimarekani, zilichimba mafuta na kuilipa kodi serikali hiyohiyo, mitambo ikilindwa na Wacuba. Pesa ya mafuta inanunua silaha upande mmoja, kodi ya Mmarekani inanunua za upande wa pili, na anayekatika mguu ni mama aliyekanyaga bomu la ardhini akienda shamba. Hilo linaniuma mpaka leo.

Woga wa Moscow ulikuwepo kweli, sikatai. Lakini Umoja wa Kisovieti ulipovunjika, mwaka 1993 Rais Clinton aliitambua serikali ya MPLA, Savimbi akaachwa porini.