Mume amegoma kusaini talaka, nafanyaje?

SWALI: Wakili habari za kazi. Mimi nipo Mwanza, tulifunga ndoa kanisani 2014, tuna watoto wawili. Tangu 2023 mume kahamia Geita anaishi na mwanamke mwingine, hela ya matumizi hatumi, na kabla hajaondoka alikuwa ananipiga. Nikimwambia tuachane kwa amani anasema hasaini talaka mpaka nimwachie nyumba. Baraza la kata wamemwita mara tatu hajatokea. Sasa bila yeye talaka naipataje?

JIBU: Pole sana dada. Talaka unaipata, na nikwambie kitu, hiyo karatasi anayogoma kuisaini haipo. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 ndoa yenu inavunjwa na mahakama, anayesaini ni hakimu, mumeo hana peni hapo. Mahakama inachotaka kujua ni kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, basi. Watu wanakaa miaka wakimbembeleza mtu asaini wakati hata saini yake hakuna wa kuiuliza.

Ila kuna geti moja kabla ya mahakama na wengi wanakwama hapo, nalo ni Baraza la Usuluhishi la ndoa, kwako ni hilo la kata. Kifungu cha 101 kinasema huwezi kupeleka maombi ya talaka kabla mgogoro haujapita Barazani na Baraza likathibitisha limeshindwa kuwapatanisha. Lakini kifungu hichohicho kina milango ya pembeni, mmojawapo ni pale mwenzio ameitwa Barazani na kwa makusudi hakwenda. Ndio wewe hapo! Kwahiyo kule kukaa kwake Geita akijua anakukomoa, kimsingi anakutengenezea kesi, sharti tu huo mgomo wake uwe kwenye maandishi.

Hapo kwenye maandishi ndo nataka uwe mkali. Rudi kata uulizie kopi za wito zote tatu, zina tarehe? nani alizipeleka? alipokea au alikataa, na kuna mtu aliandika kwamba alikataa? Kama walimpigia simu tu, omba aitwe tena kwa barua na ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa anakoishi huko Geita, agonge muhuri kwamba imefika. Halafu omba cheti, ile fomu namba 3, japo kisheria kwa mtu aliyegoma kuja ungeweza kwenda bila cheti, mimi mteja wangu simruhusu kwenda mikono mitupu, maana kesi ikifika rufaa jambo la kwanza linalotafutwa ni hilo na zipo kesi zimefutwa zote mpaka mwanzo kwa sababu ya cheti kibovu. Cheti kiseme wazi Baraza limeshindwa kusuluhisha, sio barua ya "tunawaletea wahusika kwa hatua zaidi". Na kisizidi miezi 6 toka kitolewe mpaka siku unafungua maombi, hii inawaponza wengi wanaokiweka kabatini wakisubiri mume alainike. Katibu akikwambia hatoi cheti mpaka mwenzio aje, mwambie kwa heshima kwamba kutokuja kwake ndo kushindwa kwenyewe.

Ukishakipata nenda Mahakama ya Mwanzo, inatosha kabisa (Wilaya au Hakimu Mkazi pia zinapokea). Mahakama itampelekea samansi (wito wa kufika mahakamani), akiipuuza na ikithibitika ilimfikia, unaomba kesi isikilizwe upande mmoja. Usidhani hapo umeshinda tayari, bado lazima uthibitishe. Kupigwa ni ukatili, kuishi na mwanamke mwingine ni ugoni, kutotunza familia nayo ipo, yote yametajwa kifungu cha 107. Tafuta PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) kama uliwahi kwenda polisi, meseji zake, jirani aliyekuwa anakuja kuamulia, dada yako uliyekimbilia kwake usiku. Shahidi aliyeona kwa macho ana uzito kuliko shangazi aliyesimuliwa. Ukisikia mtu anasema mpaka itimie miaka 3 ya kutengana, hiyo ni kwa anayetegemea kutelekezwa au kutengana peke yake, wewe una zaidi ya hapo.

Ndoa ya kanisani haizuii mahakama kuivunja. Paroko ataiona bado ipo, hilo utaongea naye mwenyewe.

Haya, nyumba. Usisaini chochote cha kumwachia eti ili akupe talaka, anakuuzia kitu ambacho si chake. Mgao uko kifungu cha 114, hakimu anaangalia kila mtu alichangia nini, hata kama hati ina jina lake, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983 Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani ni mchango. Kusanya risiti za bati na saruji, na fundi aliyekuwa analipwa na wewe mpe taarifa mapema atahitajika. Matunzo na malezi ya watoto unayaomba humohumo kwenye maombi ya talaka. Na kwa vile ndoa bado ipo, hiyo nyumba mnayoishi kama familia hawezi kuiuza bila ridhaa yako, kama ina hati nenda ofisi ya ardhi wiki hii ukaweke zuio, kabla hata hujarudi kata, maana mtu wa namna hii akishapokea samansi kitu cha kwanza anatafuta mnunuzi.