Re: Dramu mpya za staili ya zamani, ninunue au nijiundie?

Mkuu, umeuliza kama hizi seti mpya za staili ya miaka ya 60 zinastahili hela wanayotaka. Mi naona sehemu kubwa unalipia kumbukumbu, ile beji ya kampuni na ganda la rangi ya lulu nyeusi kama la Ringo Starr, mpiga dramu wa Beatles, maana ngozi ikishapigwa haijui beji imeandikwa nini 😂

Dramu za kampuni ya Ludwig za enzi zile zilikuwa mbao tabaka tatu tu, mahogani nje na ndani, popla katikati, na pete za mbao ya mepo (maple) kukaza kingo, na mapipa matupu ya hivyo, yaani mwili wa dramu bila ngozi wala vyuma, yanauzwa. Kazi ipo kwenye ukingo pale ngozi inapokaa, ukiuviringisha kidogo kama wa zamani sauti inakuwa nene na fupi, ukichonga kwa pembe kali ya nyuzi 45 inalia kwa ukali zaidi. Snea yangu ya kwanza, ile dramu ndogo yenye nyaya chini, pipa lake nililaza juu ya kioo, taa ndani, nikaona mwanga unapenya upande mmoja, kumbe ukingo haujakaa sawa, wikendi nzima nasugua msasa.

Ila ukija kuuza ya kujiundia hela hairudi, yenye beji angalau inarudisha kidogo. Kama unapiga tu, jiundie, anza na snea moja usirukie seti nzima.